Malalamiko Juu ya Bi Biasha, Anayeokota Taka Bila ya Kuamrishwa

Kikwajuni, Unguja
14 Machi, 1970

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Mtaa.

Ndugu Katibu,

Baada ya salamu na kukuombea afya, nakusihi uketi vizuri kabla hujaendelea kusoma, maana habari niliyonayo ni nzito. Mtaani petu kuna mwanamke anayeokota taka.

Jina lake Bi Biasha binti Mjaka, mjane, mshoni wa kofia. Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, hutoka na pakacha akatembea mpaka uwanjani na kurudi. Ganda la chungwa, pakiti ya sigara, makapi ya miwa, chochote anachokikuta njiani hukiinamia akakitia pakachani. Hajatumwa na mtu. Hakuna ngoma, hakuna bendera, hakuna hotuba. Nimeulizia.

Mimi, kama ujuavyo, ni Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Usafi kwa mwaka wa tatu sasa. Kwa cheo hicho naleta malalamiko yangu kwa mpango.

1. Ametuharibia kazi. Kamati yangu imekutana mara kumi na tisa. Tulikwisha kukubaliana kwamba taka zipo, na tulikuwa karibu kukubaliana ni za nani. Mjumbe wetu, Bwana Msabah, alitumwa kuziorodhesha. Alipofika na daftari lake hakukuta kitu. Mtu mzima na heshima zake amerudi na daftari jeupe. Ripoti tutaiandika juu ya nini?

2. Hajui hadhi ya kitu kilichotupwa. Kitu kikishatupwa hakina mwenyewe, hilo hata mtoto analijua. Yeye huwarudishia wenyewe. Bwana Rajnikant wa dukani alipelekewa karatasi zake za kufungia sukari, zimekunjwa vizuri, akaambiwa kwa upole, "Bwana, naona hizi zimekuponyoka." Bwana Rajnikant, aliyeishi nasi miaka yote bila ya matatizo, sasa ameweka debe la taka mlangoni. Baya zaidi, wateja wameanza kulitumia.

3. Amepoteza wageni. Wiki iliyopita mzee mmoja wa shamba alielekezwa nyumba ya harusi kwa njia tuitumiayo sote: ukifika kwenye chungu ya vifuu, kunja kulia. Vifuu havikuwapo. Mzee alikwenda moja kwa moja mpaka akaingia matangani, akala, akapongeza.

4. Amenifedhehesha. Jumanne nilikuwa nimeketi barazani na wajumbe wawili, tukizungumzia usafi. Bi Biasha akapita, akatusalimu, akainama miguuni pangu akaokota pakiti ya sigara.

"Mwenyekiti, hii tupu? Nsije nkakutilia jaani kitu unachokitaka."

Nikamwambia si yangu.

"Basi itakuwa ya mwenye miguu hii," akasema, akaenda zake. Wajumbe wangu walicheka, na kicheko hakikuwamo katika ajenda.

5. Hapo nikaanza uchunguzi. Asubuhi tatu nimeongozana naye, kwa ajili ya ushahidi tu. Na kwa kuwa mwanamume anayemwandama mwanamke njiani mikono mitupu hutiliwa shaka, nilimchukulia pakacha. Siku ya tatu nilimuuliza kinachomsumbua ni nini. Namnukuu kama alivyosema:

"Marehemu mume wangu alipopofuka, nlikuwa nnamtembeza kila asubuhi, mkono wake begani kwangu. Nkiona ganda naliondoa, asije akateleza. Miaka sita tulikwenda hivyo. Nlipotoka eda nkapita njia ile ile peke yangu, nkaona ganda, nkainama. Nkajiuliza, namwondolea nani tena? Lakini nkatazama, watu bado wanapita."

Nimetafuta katika kanuni zetu zote, Ndugu Katibu. Sababu ya namna hiyo haimo. Nakiri kwamba tulipofika uwanjani nilimwambia tu kwamba pakacha limejaa. Mimi nimefiwa na mke mwaka wa nne huu, na majonzi yangu nimeyaketisha barazani, kama inavyostahiki. Hayajamwondolea mtu ganda.

Kwa hayo, naomba Bi Biasha azuiwe kuinama hadharani mpaka Kamati Ndogo imalize mpango wake. Akishindwa kujizuia, aokote Jumapili kwenye kazi ya kujitolea, pamoja na wengine, baada ya hotuba. Na zile taka alizokwisha kuziokota, ikiwezekana, zirudishwe mahali pake kwa ajili ya ukaguzi.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga taipu wako na wale wanaongoja kwenye benchi tangu mwezi uliopita. Nyumbani kwako pia, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, mwenye uchungu na mtaa wake,
Muhiddin Borafya
Mwenyekiti, Kamati Ndogo ya Usafi

Tanbihi: Nilipokuwa naiandika barua hii niliharibu karatasi nne, nikazitupa dirishani kama kawaida. Asubuhi hii Bi Biasha amepiga hodi. Alikuwa nazo zote nne, amezinyoosha, na alikuwa amezisoma. Aliketi barazani, akanywa kahawa yangu, kisha akasema, "Ile ya pili ndiyo nzuri. Lakini umeandika unaniandama. Mbona tulikuwa tunakwenda sambamba?"

Jibu nilikuwa nalo moja tu, nalo halisemwi barazani. Alkhamisi watu wangu watakwenda kwa kaka yake kupeleka posa.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, yafutwe. Ningeichana barua mwenyewe, lakini yeye ameniambia niilete hivi hivi, kwa sababu maandishi mazuri hayatupwi. Wewe ukiisha kuisoma, ichane. Vipande tu usivitupe nje. Tumegawana njia, na hiyo ya ofisini kwako ni zamu yangu.