Kitovu Kwenye Thamosi ya Nyanya

Jumatatu, 2 Juni
Ogari amelia tena. Magoti, kisha mgongo. Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu. Ana miaka tisa na ameniuliza kama atafika kumi. Nilimkemea, kisha nikaenda kulia jikoni.

Lakini leo Mwalimu Nyamweya ametufundisha seli shina! Ni seli changa zisizojichagulia kazi bado. Zinaweza kutengeneza damu mpya. Zimo kwenye uboho wa mifupa, na kwenye damu ya kitovu. Nasi tuna mtoto wa siku tano! Kitovu bado kinaning'inia.

Jumatano, 4 Juni
Kimedondoka nikimbadilisha nepi! Nimekitia kwenye thamosi ya Nyanya, na barafu ya dukani. Iko chini ya kitanda changu. Sasa nikipeleke wapi? Sijui.

Alhamisi, 5 Juni
Nyanya anakitafuta akizike chini ya mgomba, kama vya sisi sote. Anasema kimeibwa. Amekumbuka kwamba jirani yetu, Mama Sharon, alikuja Jumanne kumbeba mtoto. Jioni wanawake walinong'ona jikoni. Huku kwetu Gesima jina likishanong'onwa hivyo kwa uchawi, nyumba inaweza kuchomwa. Sikula. Wala sikusema.

Ijumaa, 6 Juni
Mwalimu anasema kitovu kikavu hakifai kitu. Damu hukusanywa hospitalini, mtoto anapozaliwa tu, na lazima ilingane na ya mgonjwa.

Nilikimbia nyumbani. Nimechelewa! Mama Sharon ameitwa kuhojiwa. Nyanya ameikuta thamosi yake chini ya kitanda changu, anadhani ina chai. Akammiminia. Maji baridi. Kisha kitovu, tumbwi, kikombeni mwa Mama Sharon.

Wanawake wakasimama wote. Sijawahi kuogopa vile.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kumponya Ogari."

Mama Sharon akaweka kikombe chini polepole. Akasema, "Mwanangu, ulikuwa umeniua."

Nyanya alimwomba msamaha huku amepiga magoti. Adhabu yangu ni kuchuma majani ya chai wiki nzima. Usiku Nyanya aliniuliza kwa sauti ya chini kama hospitali za Kisii zinaijua hiyo damu mpya. Nikamwambia tutauliza.

Jumapili, 8 Juni
Nimeapa mbele ya Nyanya kutogusa tena kitu cha mwili wa mtu. Ogari amekula ndizi mbili na kucheka.

Nimesoma kitabu mbele kidogo. Seli shina zimo pia ndani ya meno ya utotoni! Na Sharon, yule wa jirani, ana jino linalolegea. Jino likishang'oka si la mwili tena.

Nimeiosha thamosi.