Ndoo Aliyoimwaga Mkwe Wangu

Kunigunda wa Matiri,
kwa sasa niko mwambao wa Nyasa,
Machi 1973.

Kwa Ndugu Katibu,
Ushirika wa Boti ya Mwambao,
Mbinga.

Yah: Mashine yenu ya kukausha hewa, na aibu iliyonipata

Ndugu Katibu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, naingoja yako. Mimi ni mkulima wa kahawa, na ni mama mkwe wa nahodha wa boti yenu. Nilisoma kwa masista hadi darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika mwenyewe na hasira iliyomo ni yangu. Nimeteremka huku ziwani kumhudumia binti yangu Ida, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Boti yenu niliipandia Mbamba Bay, mvua ikinyesha, na yaliyonikuta humo ndiyo yanayonifanya nikusumbue.

Sikatai kwamba chumba cha boti kilikuwa kibovu. Ida ameniambia godoro la mumewe lilikuwa linanuka, na dawa za zahanati zilikuwa zikifika zimeota ukungu. Mkaleta mashine inayonguruma kwa jenereta, inafyonza unyevu wa hewani na kuudondoshea kwenye ndoo, chumba kikakauka kama ghala la mahindi. Ahsanteni. Lakini mtaalamu wenu akabandika amri ukutani: mlango ufungwe wakati wote, na ndoo imwagwe na nahodha mwenyewe. Hapo ndipo mlipoharibu.

1. Mlango. Kwetu mlango ukifungwa mchana, ama ndani kuna mgonjwa ama kuna nyama. Abiria wanaolowa nje wanaona wazi kwamba nahodha ni mzima. Basi kijiji chote kinaamini mkwe wangu anakula peke yake. Wanawake wanaokuja kumpongeza Ida huchungulia sufuria kwanza, mtoto baadaye. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Nathanieli, ameitisha mkutano ili mkwe wangu anyang'anywe boti, apewe mtu asiyejifungia. Akinyang'anywa, binti yangu na kichanga chake wataishi kwa lipi?

2. Heshima. Mkwe wangu aliponiona nimelowa alinikaribisha chumbani, akanifungia humo kwa amri yenu. Mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa. Hilo hata huko ofisini mnalijua. Kuuacha wazi hakuweza, mmekataza. Kwa hiyo zamu yake ya kupumzika ilipofika alimwachia msaidizi usukani, akasimama nje kwenye mvua mpaka tulipofika. Chumba cha nahodha kilikuwa kikavu kabisa, na nahodha ndiye aliyelowa kuliko wote. Sasa anakohoa. Kila nikimsikia chakula kinanishinda, maana ule ukavu niliokalia ulikuwa wake.

3. Maji. Tulipofika, ndoo ilikuwa na maji. Nikauliza yametoka wapi, kwa kuwa paa halivuji na dirisha lilifungwa. Fundi Swalehe, yule wa Kilwa anayetunza injini, alinieleza kwa adabu zote za pwani kwamba ni unyevu wa hewa, pamoja na pumzi na nguo za aliyekuwemo. Aliyekuwemo ni mimi peke yangu. Kumbe yalikuwa maji yangu, Ndugu Katibu, na mkwe wangu aliyabeba kwa mikono yake akayamwaga mbele ya abiria wote. Wengine walisogea waone ni kiasi gani. Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ya harusi ya Ida, mjomba wake alipolewa akaanguka.

4. Stakabadhi. Nikipeleka kahawa ushirika naandikiwa stakabadhi. Maji yangu yamechukuliwa na mashine ya ushirika bila kupimwa wala kuandikwa popote. Tena kwenye mikutano tunafundishwa kuwakataa wanyonyaji. Nilidhani ni watu wanene wa mjini. Sikujua kuna mmoja amefungiwa ndani ya boti yetu, na petroli anapewa.

5. Ukavu wenyewe. Kama ujamaa ni kugawana, kwa nini ukavu wote uwe chumbani na mvua yote iwe ya abiria?

Kwa hiyo naomba mashine itolewe chumbani ifungwe juu ya paa, ikaushe boti nzima na, ikiwa na nguvu, ufuko wetu pia. Ikishindwa, irudi ilikotoka. Mlango ung'olewe. Ushirika umtolee mkwe wangu mbuzi wa kufuta aibu, achinjwe hadharani, wote wale, tuone nani atasema tena. Na mtaalamu wenu asafiri humo pamoja na mama mkwe wake, kisha aandike amri upya.

Wasalimie makarani wote, na mkeo, na mama mkwe wako pia ukithubutu kumkaribia.

Ni mimi mwenzenu katika kujenga taifa,
Kunigunda, mama yake Ida.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwa sababu anayechukua barua ni mkwe wangu, na mkwe wangu yuko kitandani. Kikohozi kimegeuka homa ya mapafu. Mganga wa zahanati amemchoma sindano, akasema alazwe mahali pakavu. Nyumba yao inavuja, na penye nafuu amelala mtoto. Mwambao wote huu pakavu ni mahali pamoja tu, nanyi mnapajua. Tumembeba tukamlaza humo. Ida bado hatoki nje, kwa hiyo anayemuuguza ni mimi, na mlango nimeufunga kwa mkono wangu. Mwenyekiti alikuja kuchungulia, nikamfukuza asituingizie unyevu. Ndoo ikijaa, maji yangu na yake yamo pamoja, na Swalehe anasema hayatenganishiki. Naibeba mwenyewe, naimwaga ziwani mchana kweupe, anayetaka kutazama atazame. Leo mgonjwa ameomba uji, akanywa nusu bakuli. Mashine isiguswe. Mbuzi acheni. Petroli ya jenereta inakaribia kwisha, Ndugu Katibu. Huyu aliyeileta barua amekuja kwa miguu. Mpeni petroli arudi nayo leo.