Kamera Isiyotaka Mwanga

Siku Eustaki alipoliona basi la Mzee Theodori limeegeshwa mtaani Katindiuka, mapazia madirishani, sufuria zinaning'inia, bomba la moshi limechomoza juu ya paa, alisimama akavua kofia. Si kwa heshima. Akili yake ikianza kuchemka, kichwa kilitaka hewa.

Maana hakuwa analiangalia basi, jamani. Alikuwa anaangalia jenereta jekundu lililofungwa mnyororo kwenye ngazi ya nyuma, linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Eustaki alikuwa fundi redio pale nyuma ya soko la Ifakara. Kabla ya hapo alikuwa seminari, akafukuzwa. Kwa nini alifukuzwa, inategemea unamuuliza nani. Kilatini hakikufukuzwa naye, alitoka nacho, na ndicho alichokuwa anawatibia wenye redio mbovu. "Mama, redio yako imepata *deficiensia* ya *okulusi*." Nani atabisha hapo? Mwaka huo wa tisini na sita alikuwa ameshapata runinga, amepata deki, amezungushia banda plastiki nyeusi mpaka ndani usimwone aliyekukanyaga. Banda la video, tayari kabisa! Kilichokosekana ni umeme tu, maana nguzo zilikuwa hazijafika uchochoro wake.

Sasa Mzee Theodori. Huyu aliendesha treni miaka ishirini na mmoja. Alipostaafu akanunua basi bovu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na friza, yeye na mkewe Balbina wakahamia humo mazima. Balbina alikuwa anauza soda baridi na barafu za ukwaju kijiji kwa kijiji, kuanzia Lumemo mpaka Chita. Mvunaji katoka shambani jua la saa saba, unampa barafu, atakataa? Ile biashara ilikuwa inakwenda, na ilikuwa inakwenda kwa jenereta. Bila jenereta hakuna friza, bila friza Balbina anauza uji wa ukwaju.

Tatizo lilikuwa moja. Mzee aliendesha basi kama treni. Alipiga honi mara mbili, akanyoosha shingo, akapita. Kukwepa hakukujua.

"Treni haikwepi kuku," alikuwa anamwambia mkewe.

"Hii siyo treni, Baba Viktor."

"Kuku hajui hilo."

Na kila kuku aliyegongwa, jamani, akawa si kuku wa kawaida! Pale Mngeta kulikuwa na mama mmoja, Levina, alilia juu ya tetea wake mpaka watu wakaanza kutandika mikeka. "Huyu si kuku! Huyu ni ada ya wanangu! Ametaga tangu Pasaka hajapumzika hata siku moja! Na hapo alipo ana mayai kumi na nane tumboni!" Mzee akatoa kreti la soda, akatoa na godoro la wageni. Wiki iliyofuata akamgonga jogoo wa mama huyohuyo, na jogoo naye, eti, alikuwa karibu kutaga.

Habari hizo Eustaki alikuwa nazo zote. Akavaa kofia, akasogea. Alichagua vizuri sana muda wake, maana Balbina alikuwa ameenda mashine kusaga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Pole na kuku."

Mzee akashusha miwani. "Nani kakwambia?"

"Bonde zima linasema, baba. Wanasema Theodori anaua kuku kwa makusudi."

"Uongo! Wanajitupa wenyewe!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Lakini shahidi yuko wapi?" Eustaki akainama, akashusha sauti kama anaungama. "Ulaya, mzee, basi zenye nyumba ndani kama hili haziendi bila kamera ya barabara. Inakaa kioo cha mbele, inaangalia, inachukua kila kitu. Kuku akijitupa, anaonekana anajitupa. Na sura yake ya ujeuri inaonekana."

Mzee Theodori akatazama kioo cha mbele. Alikuwa anauona kabisa ule ujeuri usoni mwa kuku.

"Unayo?"

"Ninayo moja. Lakini nimeahidi mtu wa Mahenge."

Alikuwa nayo kweli, ila tuseme ukweli wote: ilikuwa kamera ya video ya harusi iliyotumbukia mtoni pale kivukoni, bibi harusi akaokolewa, kamera ikachelewa. Ndani hamna kitu. Eustaki aliweka betri mbili za tochi, taa ndogo nyekundu ya redio, na ili iwe na uzito wa heshima, nusu tofali lililofungwa karatasi.

Kesho yake alirudi nayo, Balbina akiwa kwenye sala za jumuiya, ikaanza kazi ya kuchagua mahali. Mwee, hiyo kazi! Saa mbili nzima! Kwanza akaiweka kwenye dashibodi. Akafunga jicho moja. "Hapana, hapa injini inatetemesha. Kuku mmoja ataonekana watatu, utalipa watatu." Akaipandisha juu karibu na kioo cha kutazama nyuma. "Hapa rozari inaning'inia katikati. Ushahidi wote utakuwa rozari."

"Rozari haitoki," Mzee akasema.

"Nani amesema itoke? Kamera ndiyo itampisha Mama Maria." Akaisogeza kulia. Wipa ikapita mbele. Akaisogeza kushoto. Jua. Akalala chali sakafuni akaangalia kwa chini, akasema neno la Kilatini, akanyanyuka. Mwisho ikakaa pale pale ilipokuwa mwanzo, kwenye dashibodi, ila sasa chini yake kuna kipande cha ndala cha kuzuia mtetemo. Akaifunga kwa waya na skrubu nne, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Inaona?"

"Inaona na inasikia."

Mzee akajikuta ameweka kola vizuri.

"Sasa, baba, sharti moja tu. Usiifungue! Unajua filamu ya picha ikipigwa na mwanga inaungua? Basi hii ni mara kumi. Mpaka mkanda ujae, miezi mitatu, ndiyo unaniletea, naufungulia gizani, tunaangalia kwenye deki yangu."

"Nakulipa nini?"

Eustaki akatazama dari, akatazama miguu yake, akatazama kila kitu isipokuwa jenereta. "Mimi si mtu wa tamaa. Lile linalopiga kelele kule nyuma linakunyima usingizi. Nikusaidie kuliondoa."

Na Mzee akakubali! Walifungua mnyororo, wakalipakia kwenye mkokoteni, na Eustaki akalisukuma akipita mbele kabisa ya kioo. Akaipungia kamera mkono. Kwa furaha tu. Kumbuka huo mkono.

Balbina aliporudi akasikia kimya. Kimya kabisa. Akafungua friza, akafunga. Akafungua tena.

"Baba Viktor. Jenereta liko wapi?"

"Tumepata kamera, mama."

Sitaki kusema alichojibu. Siku mbili alimwaga ukwaju kwenye mchanga, ndoo kwa ndoo, na kila ndoo aliita jina la Eustaki. Lakini safari ya Chita ilikuwa imeshapangwa, wakaenda, wanauza soda za moto kwa watu wanaonuna. Na kufika Mngeta, kama kawaida, pu! Kuku. Levina huyo, khanga begani, machozi tayari yamesimama mlangoni.

"Huyu siyo kuku! Huyu ni..."

Mzee Theodori akashuka. Siku hiyo alivaa tai. "Mama, kabla hujaendelea, tazama pale. Kile chenye taa nyekundu ni kamera. Imemwona kuku, imekuona na wewe ukimfukuzia barabarani. Inasikia pia."

Levina akaiangalia kamera. Kamera ikamwangalia Levina. Akajifuta machozi, akafunga khanga vizuri.

"Ni kuku tu," akasema. "Tena mzee. Nipe soda moja yaishe."

Habari ilifika Ifakara kabla ya basi! Trafiki mmoja alisimamisha basi Mbingu, akaona taa, akapiga saluti. Na wenye magari wakaanza kupanga foleni kwa Eustaki. Haidari, yule mwenye Fuso, mtu wa mikono kama michi, akapeleka gunia la mchele la kutanguliza. Wengine wawili wakapeleka pia. "Lenzi zinatoka Dar," Eustaki aliwaambia, huku anajishangaa mwenyewe. Alikuwa ametapeli watu wengi maishani, ila hajawahi kuuza kitu kikafanya kazi.

Wiki ya pili taa ikafifia. Mzee amelala usingizi wa mchana, Balbina akasema betri hizi nazijua mimi, natumia tochi kila siku. Akachukua bisibisi. Akafungua.

Tofali likamwangalia.

Akafungua ile karatasi. Ilikuwa ya daftari la shule, zoezi la Kilatini, juu imeandikwa Eustaki, Kidato cha Pili, na chini kalamu nyekundu ya mwalimu imeandika alama, mbili kwa ishirini. Balbina akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Halafu akafikiri. Akarudisha tofali, akatia betri mpya, akafunga skrubu zote nne. Yeye hakumwambia mume wake kitu, ila alimtaka asimulie jinsi Eustaki alivyoondoka na jenereta.

Jumamosi alasiri Eustaki anafungua banda rasmi. Watu wamejaa, filamu ya mateke imeanza, jenereta nje linanguruma. Mara honi, mara mbili, kama treni. Balbina akashuka na mume wake, kamera ameibeba kifuani ndani ya khanga kama kachanga ka siku tatu.

"Hodi jamani. Poleni kwa usumbufu. Nimefuata jenereta langu, siku saba zimepita."

Eustaki akatoka mlangoni. "Shikamoo mama. Siku saba zipi? Mimi nilibadilishana na mzee!"

"Marahaba mwanangu. Uliazima. Ulisema, 'Mzee, naazima siku saba tu.' Halafu ukapita nalo mbele ya kioo, ukapunga mkono hivi."

Mzee Theodori alifungua mdomo. Balbina akamkanyaga mguu. Akaufunga.

"Sikusema hivyo!"

"Kamera ilikuwa inawaka. Wewe mwenyewe ulisema inaona na inasikia. Si tuangalie?"

Watu banda zima wakatoka nje. Mateke ya runinga yakabaki yanapigana peke yao. Haidari akajipenyeza mbele. "Weka mkanda, Eustaki, tuone! Si ndiyo kamera utakayonifungia mimi?"

"Haiwezekani," Eustaki akasema, jasho linamtoka. "Ikifunguliwa, mwanga unaunguza..."

"Nakumbuka, ulimfundisha mume wangu," Balbina akasema kwa upole. "Ndiyo maana nimekuja hapa. Ifakara nzima hakuna giza la mchana kama la banda lako. Haidari, ingia utushikie kamera. Nina bisibisi."

Mwee! Hapo ndipo Eustaki alipoona shimo lilivyo refu. Akisema kamera haikuona kitu, Haidari atauliza kwa nini. Akisema kwa nini, mikono ile ya Haidari. Akisema iliona, basi iliona anaazima. Alitafuta Kilatini. Hakikuja hata kimoja.

"Mama, tuongee pembeni kidogo."

Wakasogea kwenye jenereta, kelele ikawafunika.

"Mbili kwa ishirini," Balbina akamwambia sikioni.

Eustaki akageuka kumtazama Haidari.

"Sikiliza vizuri. Nikiifungua hapa, Haidari atakuvunja, na mimi nitarudi kulipa kuku wa Levina kila wiki. Sitaki. Kwa hiyo jenereta langu linarudi leo. Magunia ya watu yanarudi leo, waambie kamera za aina hii zimekwisha. Na hii yangu utaitunza."

"Kuitunza vipi, mama? Ndani hamna..."

"Kila Jumatatu. Unakuja na kitambaa, unafuta lenzi, unatia betri zako mpya. Watu wakiona, waone."

Eustaki akarudi mbele ya watu, akakohoa. "Jamani, nimekumbuka. Niliazima."

"Siku ngapi?" Balbina akauliza kwa nguvu.

"Saba."

Watu wakapiga makofi. Haidari alikuwa wa kwanza. "Unaona kamera hiyo! Haijafunguliwa, mtu ameshakiri!" Na alipoambiwa zimekwisha, alisikitika kweli, akabeba gunia lake ameinamisha kichwa kama mtu aliyetoka msibani.

Jenereta likapakiwa, runinga ikazimika teke likiwa hewani, na mpaka leo Ifakara hawajui lilimpata nani. Jioni ileile friza ilikuwa inanguruma Katindiuka.

Na Eustaki? Kila Jumatatu asubuhi ungemkuta pale, kitambaa begani, betri mfukoni, anaifuta ile lenzi kama kikombe cha altareni. Wapita njia wanasimama kuangalia fundi. Mzee Theodori anakaa kwenye usukani, tai shingoni, nywele amechana. Jumatatu moja akamuuliza:

"Kijana, miezi mitatu inaelekea kuisha. Mkanda umebaki kiasi gani?"

Eustaki akamtazama Balbina. Balbina alikuwa anapanga barafu za ukwaju kwenye friza, hakugeuka.

"Mjibu mzee wako," akasema.

"Umebaki..." Eustaki akapima kwa mikono, kwa masikitiko. "Kama nusu tofali hivi, baba."

Mzee akafikiri, akapiga honi mara mbili, akanyoosha shingo.

"Basi utatufikisha Chita."