Magofu ya Kale Yenye Umri wa Miaka Miwili

Nashoni Marwa,
Mstari wa Tatu, Nyumba ya Saba,
Kijiji cha Ujamaa, Nyarero,
Tarime.
19 Agosti 1976

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za ujenzi wa taifa. Sisi huku hatujambo, mahindi tumevuna, na gazeti lenu hutufikia likiwa limechelewa siku nne tu. Ni hilo gazeti lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa Juni mlitoa makala ya kuwashauri wafanyakazi. Mlisema Serengeti siku hizi imejaa watalii, simba mmoja anazungukwa na magari saba, na mwananchi anaishia kuona visogo vya Wazungu. Kwa hiyo mwenye Jumapili yake achague mahali penye nafasi. Shauri zuri kabisa. Mahali mlipopachagua ni kilima kimoja hapa Nyarero, "chenye upepo, kivuli na magofu ya kale ya watu wasiojulikana."

Ndugu Mhariri, mtu asiyejulikana ni mimi. Nyumba ile niliijenga mwenyewe mwaka 1961. Tuliishi humo mimi, mke wangu Boke, marehemu baba enzi za uhai wake, na mama yangu mzazi, Wegesa, hadi Septemba 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tuliposaidiwa kushusha paa na kuhamia kijijini. Sipingi kijiji. Bomba liko karibu, shule ipo, na jirani akikohoa nampa pole bila kutoka kitandani. Ninachopinga ni haya yafuatayo.

1. Kila Jumapili watu wa Bomani, kule mjini, wanapanda kilimani kwangu na baiskeli, chapati na redio. Kiongozi wao ni Ndugu Sadick, fundi cherehani, mtu mpole aliyejiteua kuwa mweleza historia. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema wakazi wa kale walikuwa wafupi mno, na ushahidi ni mlango wao. Ule ni mlango wa banda la kuku.

2. Jiwe la kusagia la Boke, ambalo tuliliacha kwa sababu lori lilijaa, sasa linapigwa picha. Boke alipokwenda kulichukua aliambiwa kwa heshima asiguse urithi wa taifa. Alirudi analia, na aliyelaumiwa ni mimi.

3. Shimo la choo. Hapa naomba uvumilie. Wageni wameamua kwamba ni shimo la matambiko. Wanalizunguka kimya wamevua kofia, na karani mmoja wa kike aliyekuwa anatafuta mchumba alidondosha yai humo pamoja na ombi lake. Nasikia ameposwa. Tangu hapo kuna foleni kwenye choo changu ndefu kuliko ile ya simba wenu, na kila mwenye foleni ana yai.

4. Hii naiacha wazi kwa ajili ya Boke, ambaye ana lake, ila halifai gazetini.

5. Jumapili iliyopita nilikwenda kuwaeleza ukweli. Nilisimama pale kitanda changu kilipokuwa. Sadick akaniomba nisogee, kwani nilikuwa ndani ya picha na naharibu ukale wa mahali. Nikamwambia hapa ni kwangu. Akanijibu kwa upole kwamba hapa ni kwetu sote. Nikasogea, maana ndivyo tulivyofundishwa mkutanoni, na mimi mwenyewe nilipiga makofi.

6. Wameweka kibao: NI MARUFUKU KUONDOA KITU CHOCHOTE CHA KALE MAHALI HAPA. Nimekisoma mara nyingi. Kama ni marufuku kuondoa kitu, basi kuna vitu vitatu vimekwisha kuondolewa, kwa lori, tena mchana kweupe: mimi, Boke na mama. Mama ana miaka sabini na kitu, wa kale kuliko yeye hapo kilimani hakuna. Kila asubuhi anakaa mlangoni hapa Mstari wa Tatu, uso ameuelekeza kilimani, nami napita nyuma ya nyumba ili asiniulize tutarudi lini. Jambo hili linaniuma sana.

Kwa hiyo gazeti lichague moja. Ama mchapishe kwamba magofu si ya kale, wageni watafute kwingine. Ama, kama ni ya kale kweli, turudishwe mahali petu pa asili tukahifadhiwe, na paa lirudishwe juu yetu kwa ajili ya usahihi wa historia. Siku za Jumapili tuko tayari kuwa wafupi. Wanaotafuta mahali pasipo na watu waelekezwe Mstari wa Tatu, Nyumba ya Saba, ambayo itakuwa tupu.

Wasalimie wachapaji wote, na yule mwandishi wa makala, ambaye simchukii ila ningependa kumwona. Boke anakusalimu shingo upande.

Ni mimi, mkazi wa kale mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja,

Nashoni Marwa

Nyongeza, 22 Agosti: Barua hii ilikuwa bado inasubiri stempu. Leo nilimpakia mama kwenye baiskeli nikampeleka kilimani awe ushahidi. Nilitegemea awafukuze, maana ulimi wake unajulikana hadi Sirari mpakani. Alipofika alikaa penye mafiga yake, akaagiza kuni, akawapikia uji wageni kumi na tisa. Akawaonyesha marehemu baba alipokuwa akiketi. Sadick hajui hata neno moja la Kikurya, lakini aliandika yote. Walimwuliza kila kitu. Wakati wa kurudi mama aliniambia kwamba miaka miwili kijijini, nyumba zimebanana hivi, hajapata mgeni hata mmoja, kwa sababu watu wote tayari wako pale pale.

Kwa hiyo barua hii usiichapishe. Rudia ile makala, ukurasa wa mbele ukiweza, waje wengi zaidi, waje na sukari. Mayai wampe mama. Ila ongeza mstari mmoja tu: wakifika pale palipokuwa mlango, wapige hodi. Mama atakuwa ndani, anasubiri kuitikia.