Sponji ya Dokta Poda

Dokta Poda hakuwa daktari. Koti lake jeupe alilinunua kwa muuza nyama aliyeacha kazi, na doa lililogoma kutoka mfukoni alilifunika kwa kalamu tatu. Asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya saluni yenye vioo vinane, akijifanya anasubiri mtu, mara akaona binti anatoka analia. Nyuma yake akatoka mwingine kanuna, na wa tatu akatoka na mtandio usoni. Wote walikuwa na chunusi, na wote walikuwa wamerudishwa na mwenye saluni, Mama Vioo, kwa maneno yaleyale: "Mwanangu, poda yangu haikai juu ya vipele. Pona kwanza."

"Watatu ndani ya nusu saa!" Dokta Poda alijisemea. "Huyu mama anafukuza riziki yangu mchana kweupe."

Saa nne ilimkuta ndani, kavaa sura ya hospitali.

"Mama, hii inaitwa Ngozi Malaika. Unapaka mara moja tu, chunusi zinaomba radhi na kuondoka."

"Zinaondoka zinaenda wapi?"

"Hapo sasa umeingia kwenye sayansi, mama yangu."

Mama Vioo si mtu wa kudanganyika kirahisi, ila tamaa anayo, tena ya kutosha. Alishaanza kuwaza bei atakayowauzia wateja wake kopo moja. Wakakubaliana: kesho saa nane mchana, Dokta aonyeshe mbele ya watu. Dawa ikifanya kazi, mama anachukua makopo yote, na Dokta anapewa kiti cha dirishani msimu mzima wa harusi.

"Mgonjwa utamtoa wapi?" mama akauliza.

"Mgonjwa ninaye."

Mgonjwa alikuwa binamu yake, binti mwenye ngozi nyororo na mkono mwepesi. Kabla ya kila onyesho alijichora chunusi kwa rangi ya mdomo, gundi na chembe za unga. Dokta naye alizifuta mbele za watu kwa sponji iliyolowa mafuta ya kupikia, kisha akamaliza kwa poda ya watoto. Saluni tano walishapita hivyo. Binti alikuwa amesomea urembo, anataka kiti chake mwenyewe na kioo chake, na kila walipohama Dokta alimwambia, "Mji ujao, mdogo wangu. Mji ujao."

Sasa, sponji yenyewe ilikuwa moja, na haikuwahi kuona maji.

"Kaka, uso unaniwasha," binti alimwambia jioni ile. "Tuioshe hii sponji, imeshakuwa kama tope."

"Ukiiosha unaosha bahati! Sponji hii imetulisha saluni tano."

"Basi nipeleke kwa daktari wa ngozi."

"Daktari mbona unaye?" akamjibu, huku akijitazama kola kwenye kioo.

Kesho yake walikutana chumba cha nyuma cha saluni. Dokta akamtupia jicho, akapiga makofi.

"Loo! Leo umechora kuliko siku zote! Mpaka usaha umeweka!"

"Nimejitahidi, kaka," binti akasema.

Hakuwa amechora kitu. Ameamka hivyo, mashavu yote mawili na paji la uso, akakaa kitandani akalia mpaka basi. Halafu hasira zikampanda, akasema moyoni, ngoja nione kama atajua.

Wateja walijaa mpaka mlangoni. Dokta Poda akakohoa kidaktari, akalowesha sponji, akapitisha shavuni. Chunusi zikabaki. Akapitisha tena kwa nguvu. Zikabaki, tena sasa zimewiva.

"Hizi ni sugu kidogo," akasema, jasho linamtoka.

"Kaka, unaniumiza!"

Mama Vioo akavaa miwani, akasogea. Dokta akaona mambo yanaharibika, akapaza sauti: "Mnaona? Dawa inavuta sumu ije nje! Sumu hiyo inatoka!"

"Kweli, inatoka," akasema bibi mmoja wa mbele. Jamani, wa kukubali hakosekani.

Binti akasimama, akamnyang'anya sponji, akainyanyua juu. Waliokaa mbele wakarudisha viti nyuma.

"Chunusi hizi ni za kweli, na zimetoka humu. Saluni tano nilijichora kwa gundi, nikawadanganya watu, na ninaona aibu. Lakini huu ni uso wangu, na sina mwingine. Mama, nipe maji, sabuni isiyo kali na sponji mpya."

Mama Vioo alitaka kuwafukuza wote wawili. Kilichomzuia ni watu kujaa, na yeye hakupenda kupoteza umati. Akampa.

Binti akanawa taratibu. Akapaka losheni nyepesi isiyo na mafuta, akasubiri ikauke. Kwenye wekundu akagusa rangi ya kijani.

"Kijani!" wanawake wakashangaa.

"Inaua wekundu. Sasa fandesheni, kidogo tu. Gonga, usisugue. Chunusi ukiisugua inakasirika." Akamalizia na poda nyembamba. "Haziondoki. Ukigusa utazikuta. Ukirudi nyumbani unaosha vyote, pamoja na sponji, unalala uso mtupu."

Akawageukia. Uso ulikuwa umetulia, mzuri, wa mtu wa kawaida. Yule binti aliyetoka analia jana akaja kukaa kitini bila kukaribishwa, na nyuma yake foleni ikajipanga.

"Kiti cha dirishani ni chako," Mama Vioo akamwambia binamu mtu. "Anza kesho. Hapana, anza sasa hivi."

Dokta Poda akajipenyeza mpaka mbele, akainama sikioni kwa binamu yake.

"Mdogo wangu, tusisahauliane. Huo uso ni mradi wetu sote. Fungu langu je?"

"Lipo, kaka. Ni hizi chunusi. Daktari wa ngozi akishazitoa, nitakuwekea kwenye kopo."

Dokta akafungua mdomo ajibu, lakini akaguswa begani na mama mmoja aliyekuwa nyuma yake.

"Kaka, kama huna chunusi, toka kwenye foleni."