Masikio ya Ayalandi

Jumapili, 3 Septemba 1967

Loo! Nimetoka misani sasa hivi. Mwalimu Mahoni, yule Mzungu wa Ayalandi anayefundisha hapa Bukoba, alisimama akauliza nani analijua jina la ukoo wake. Eti ndugu wa babu yake alikuwa daktari wa ng'ombe kule Muleba baada ya vita ya Wajerumani, akafia huko. Kwao wanataka kujua kama aliacha damu.

Marehemu baba yangu aliitwa Petro Mahoni! Kweli, babu alikuwa mpishi wa daktari huyo, akampa mtoto jina la bwana wake kwa heshima. Lakini nani amebaki wa kuyasema hayo? Nikanyoosha mkono.

Namtaka Benigna. Baba yake, Ta Rutashobya, amenikataa. Kasema Azimio limetangaza vita na kupe, na mimi ni kupe, nakula ndizi za mama. Tuone kama atamnyima mjukuu wa Ayalandi! Na Mujuni, yule karani Mlutheri anayemnyemelea Benigna kwa baiskeli mpya, atakoma.

Jumanne, 5 Septemba

Muleba, kwa gari la Mwalimu. Padre katoa kitabu cha ubatizo. Kilatini kitupu! Lakini jina lipo: Petrus Mahoni, 1923. Nafasi ya baba haikujazwa. Mungu yu pamoja nami. Nikalia papo hapo. Mwalimu akanikumbatia, akasema masikio yangu ni ya kwao kabisa. Miaka yote ninayo, sikujua kazi yake. Kanivika koti lake la sufu. Joto la kufa. Sivui.

Jumatano, 6 Septemba

Nshambya, kwa Ta Rutashobya, na koti. Nikaeleza. Akaikaza kofia yake kichwani. Akauliza: daktari yule wa ng'ombe? Wa Muleba? Nikaapa. Akanimiminia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mkono wake mwenyewe! Kasema Jumamosi anaita ukoo mzima, nije na Mwalimu. Mujuni alikuwa akipita, akaona kibuyu mkononi mwangu. Almanusura aanguke na baiskeli.

Jumamosi, 9 Septemba

Mungu wangu! Mungu wangu!

Ma Kokugonza, mama yake Ta Rutashobya, kaniangukia shingoni kwa vigelegele. Kasema siri imemkaa kifuani tangu ujana: Rutashobya ni mtoto wa daktari Mahoni! Alikuwa akiona aibu, mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Ta Rutashobya akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Nywele nyekundu!

Basi yeye ni baba yangu mdogo, na Benigna ni dada yangu. Rubisi ikanipalia.

Nikakiri yote, mpishi na jina la bwana wake. Hawakusadiki. Walisema furaha imenipanda kichwani. Ma Kokugonza akakata shauri: waitu, jamani, tuulize muziro, kile ambacho ukoo hauli. Wenye muziro mmoja hawaoani. Mwalimu alifikiri sana, akajibu kwamba kwao tangu zamani hawali nyama siku ya Ijumaa. Watu wakaguna. Ta Rutashobya akasema hata kwake hailiwi. Wakanigeukia. Mdomo wangu mpumbavu, mdomo wa Mkatoliki, ukasema: hata mimi.

Kwisha! Benigna kaniita kaka mbele ya watu, tena bila kusita. Imeniuma, imeniuma sana. Mujuni, aliyekuja kuchungulia, naye akaulizwa. Yeye Ijumaa anakula nyama vizuri tu. Wazee wakasema damu ya kijana huyu iko mbali, anafaa kuoa.

Ijumaa, 15 Septemba

Dawa nimeipata! Nimekwenda mjini Bilele mchana kweupe, nikala mishikaki hadharani, nikitafuna kwa sauti, ili wote wajue mimi si wa ukoo ule.

Katekista alikuwa anapita. Nimezuiwa komunyo! Sijameza vizuri, wazee nao hawa hapa: nimevunja muziro, nitoe mbuzi. Nikasema mimi si wenu. Wakasema mtu asiye wao wasingemtoza. Mbuzi ataliwa siku ya posa ya Mujuni. Nami, kaka mtu, nitamchinja.

Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi. Nimeliona. Nilikula kidogo mno. Ijumaa ijayo ni kichwa cha ng'ombe, tena mlangoni pa kanisa.