Nyumba ya Malezi ya Bwana Nguma

Riziki ya mjanja haijifichi. Husimama njiani ikalia. Siku hiyo ilikuwa ikilia langoni mwa ghala la magunia, mwaka ule wa vita ambapo sukari ilipimwa kwa kikombe. Nguma wa Changamwe alikuwa amesimama hapo, hana kazi wala haja nayo, ndipo nyapara alipomtoa nje Kahaso.

"Gunia halishonwi mtoto akiwa mgongoni! Ukija naye tena, kazi basi!"

Kahaso mumewe yu vitani, na mkate wake na wa mwanawe Ruwa, ambaye hata kusema sawasawa bado, ulitoka kwenye sindano ile ya magunia. Machozi yakamlenga. Mtu mwingine angemwonea huruma. Nguma aliwatazama kina mama waliosimama nyuma ya Kahaso, kila mmoja na mtoto wake, akaona sukari. Ndiyo, sukari! Kila mshona magunia alipewa kipimo chake cha sukari, na Chengo, mwenye mkahawa wa madereva wa malori kule Miritini, alinunua sukari ya magendo bila kuuliza imezaliwa wapi.

"Dada yangu, walia nini na nyumba ya malezi ipo?"

"Nyumba ya nani?"

"Yangu. Malezi nimeyasomea Unguja, kwa masista."

Unguja penyewe hapajui, na angepewa mtoto angemshika miguu kama jogoo. Lakini koti alikuwa nalo, na mjini koti ni nusu ya elimu.

Jioni Kahaso akaja kuikagua nyumba, maana hakuwa mjinga. Alifunua mtungi akanusa maji. Aliinama akatazama uvungu. Akakung'uta mkeka, akajaribu komeo la mlango wa uani. Kila kitu kilikuwa sawa, kwani mchana ule ule Nguma alikodi nyumba nzuri na kodi akailipa mbele hadi masika, ili aonekane mtu.

"Na mwanamke wa nyumba yuko wapi?"

Nguma akakohoa. "Yuaja, dada. Kaenda kusali."

Akatoka mbio kwa jirani yake Bi Mahfoudha, ajuza mjane, tasbihi haimtoki mkononi. Wakapatana: yeye atakula hapo na kukaa na watoto.

"Kazi yako ni kuonekana tu, bibi."

"Kuonekana nakuweza, mwanangu."

Kahaso alipomwona akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na moyo ukamtulia. Kesho yake watoto wakajaa. Sharti lilikuwa moja: kila asubuhi mama alete bakuli la unga na sukari ya uji. Unga uliingia chunguni. Sukari iliingia kwenye gunia chini ya kitanda cha Nguma, na watoto wakanywa uji wa kupondewa ndizi. Bi Mahfoudha aliona, akasogeza tasbihi. Jamani, mtu akinyamaza msidhani hana mato!

Jioni Nguma akagawa mabakuli. Kahaso akafunua lake.

"Tupu?"

"Watoto wamekula, dada."

"Bakuli langu latoka kwako tupu?"

Hapo mjanja wetu alikuwa amekanyaga pabaya. Pwani hii, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Utatia limau, utatia chumvi kidogo, utatia hata jani la mchicha. Ukikirudisha kitupu umesema nyumbani mwako hamna watu. Ujanja wote ule, na adabu ya watoto wadogo haijui!

"Nimekagua mtungi, nimekagua uvungu," Kahaso akasema, anamfunga Ruwa mgongoni, "kumbe watu sikuwakagua. Asiyejua hili atajua lini mwanangu ana njaa?" Alijua kesho nyapara atamwambia nini, lakini akakaza fundo la kanga. Kina mama wengine nao wakaanza kukunja kanga zao.

Nguma akaona sukari inaondoka kwa miguu. "Kumradhi, dada zangu! Nimepitiwa! Bibi, kesho tia chochote!"

"Chochote?"

"Chochote kilichomo humu ndani, mradi bakuli lisirudi tupu!"

"Haya. Umesema mbele ya watu."

Tangu hapo mabakuli yakarudi yamefunikwa jani la mgomba. Kina mama walichungulia, wakatazamana. "Bwana Nguma, wewe ni mtu wa watu!" Naye akavimba. Alidhani ni mapera ya uani; mambo ya mapera aliwaachia wanawake, yeye akashinda barazani akicheza bao. Gunia nalo likazidi kunona. Kila asubuhi akimimina sukari alilipiga teke la mapenzi, akalisikia zito.

Lilipojaa, akaaga kwamba anakwenda kuwanunulia watoto nguo, akalipandisha lori hadi Miritini. Chengo akachota papo hapo, akatia kwenye birika la madereva. Chota ya kwanza ilikuwa tamu. Chota ya pili, dereva mmoja akatema, mwingine akasaga meno kwa sauti ya kinu. Chengo alitia mkono hadi kiwikoni: mchanga! Maneno hayakuwa mengi. Koti lilibaki Miritini, viatu vilibaki Miritini, na shavu la Nguma lilikwenda Changamwe likiwa kubwa kuliko lilivyokuja.

Akaingia uani akifoka, kina mama wote wapo wanachukua watoto.

"We bibi! Sukari yangu umeipeleka wapi?"

Kina mama wote wakageuka.

"Sukari yako?" Kahaso akauliza.

Ulimi, ee Mola, hauna breki. Nguma akafumba mdomo, umeshachelewa.

"Ulisema nitie chochote," Bi Mahfoudha akajibu taratibu. "Nikatia sukari, kila mtu na yake. Kisha nikaona gunia litabaki tupu, na weye hupendi chombo kitupu. Nikalitia mchanga."

Kina mama walicheka hadi wakashikana.

"Basi nirudishieni hata kodi yangu!"

"Kodi ya nyumba ya watoto? Hiyo sadaka, mwanangu. Mungu atakulipa."

Nguma akatoka miguu mitupu, na hakuna aliyemwuliza aendako. Nyumba ikabaki kwa Bi Mahfoudha, uji ukawa mtamu. Jumatatu Kahaso akamwacha Ruwa mkekani, akasimama mlangoni angoje alie kama kawaida yake. Ruwa alikuwa ameshika mwiko, hakugeuka hata. Kahaso akaenda zake kazini, amefurahi, na imemuuma.